Mwanahisa na Kiwanda Chake: Habari za Kiwanda cha Betri cha Nakuru

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Bungu, Wilaya ya Kibiti)



Suala lililo mbele ya mkutano huu ni la hisa. Karibu kila msimu vyama vya msingi vya ukanda huu huombwa kuweka fedha za wanachama katika jambo fulani: leo kiwanda cha kubangua korosho, kesho mashine ya kukamua ufuta, keshokutwa ghala au benki. Katika kila ombi hutajwa faida. Ni mara chache kutajwa uzalishaji, na ni mara chache zaidi kutajwa nani atakayekuwa na kauli ya mwisho siku mambo yakiharibika. Ili jambo hili lipate kuelezwa bila kumgusa jirani wala kuamsha ugomvi wa kijijini, yafaa uchukuliwe mfano wa mbali kidogo, wa kampuni ambayo hesabu zake zilitangazwa hadharani kwa miaka mingi, na ambayo bidhaa yake imepata kushikwa mkononi na kila mtu aliyemo katika mkutano huu. Kampuni hiyo ni ya betri.

Mzee yeyote wa Bonde la Rufiji aliyepata kulala katika dungu akilinda mpunga usiliwe na nguruwe anaifahamu betri kubwa ya tochi, ambayo wengine waliiita jiwe. Mvuvi wa delta alikwenda nayo baharini. Redio ya kijiji ilinyamaza ilipokwisha, na watu waliianika juani ili ipate uhai wa siku mbili tatu. Katika Tanzania, kampuni ya Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda chake Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na redio na betri za National zikaenea nchi nzima. Katika Kenya, kampuni ya Kimarekani iitwayo Union Carbide iliunda kampuni yake mwaka 1967 na kujenga kiwanda katika mji wa Nakuru. Betri zake ziliitwa Eveready, na paka aliyechorwa juu yake alijulikana hata kwa watoto wasiojua kusoma.

Union Carbide yenyewe ilipatwa na msiba mkubwa mwaka 1984, pale gesi ya sumu ilipovuja katika kiwanda chake cha Bhopal, India, na kuua maelfu ya watu. Miaka miwili baadaye iliuza biashara yake ya betri kwa kampuni nyingine ya Marekani, na hatimaye, mwaka 2000, biashara hiyo ikasimama peke yake kwa jina la Energizer. Kiwanda cha Nakuru kiliendelea na kazi katika mabadiliko hayo yote. Mfanyakazi wa Nakuru alibadilishiwa wenye mali zaidi ya mara moja bila yeye kuhama benchi lake.

Mwaka 2006 ndipo mwananchi wa kawaida alipoingia. Yapasa kukumbuka hali ya Nairobi ya mwaka ule. Mapema katika mwaka huo kampuni ya kuzalisha umeme, KenGen, iliuza hisa zake kwa umma kwa shilingi 11.90 za Kenya, na hisa hizo zilipoanza kuuzwa sokoni bei ilipanda zaidi ya mara mbili katika siku za kwanza. Walimu, makarani, wakulima wa chai na wachuuzi waliona jirani zao wakipata fedha bila jasho. Kwa hiyo Eveready East Africa ilipotangaza kuuza hisa milioni 63 kati ya hisa zake zote milioni 210, kwa shilingi 9.50 kila moja, watu walipanga foleni. Hisa zilizouzwa zilikuwa za thamani ya shilingi milioni 598 na nusu. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo kwa zaidi ya mara nane, hata kila mwombaji akapata sehemu ndogo tu ya alichokiomba. Mwezi Desemba 2006 kampuni ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi.

Ni kitu gani walichokinunua watu hao? Walinunua jina wanalolijua. Paka alikuwa ukutani mwa kila duka, na hoja ya wengi ilikuwa kwamba betri haziwezi kukosa mnunuzi maadamu giza huingia kila siku. Hoja hii ina ladha, lakini ina tundu. Giza liliendelea kuingia, ila namna ya kulifukuza ilibadilika.

Hapa hapana budi kueleza kidogo jinsi betri ya kawaida inavyotengenezwa, maana bila ya hilo habari ya uzalishaji haiwezi kueleweka. Betri kavu ni kikopo cha zinki. Ndani yake hutiwa unga mweusi wa manganizi uliochanganywa na kaboni na chumvi maalumu, na katikati husimamishwa kijiti cha kaboni. Zinki huliwa polepole na chumvi hiyo, na katika kuliwa kwake ndipo umeme hutoka. Zinki ikiisha, betri imekufa. Kazi ya kiwanda ni kuyapanga mambo hayo kwa haraka na kwa wingi, kwa mashine zinazotaka umeme mwingi, mafundi, vipuri na malighafi ambayo kwa sehemu kubwa hutoka ng'ambo. Bidhaa kubwa ya Nakuru ilikuwa ile betri nene ya tochi na redio za zamani.

Sasa, kiwanda kina gharama za namna mbili. Ziko gharama zinazokwenda pamoja na kazi, kama vile zinki: ukitengeneza betri chache, unanunua zinki kidogo. Lakini ziko gharama zisizojali kama mashine inazunguka au imelala: mishahara ya kudumu, ulinzi, bima, riba ya benki, matengenezo, kodi. Chukua mfano wa kubuni. Kiwanda kina gharama za kudumu za shilingi milioni 100 kwa mwezi. Kikitengeneza betri milioni moja, kila betri imebeba shilingi 100 za gharama hizo. Soko likipungua, kikatengeneza betri 250,000 tu, kila betri imebeba shilingi 400, kabla ya kuhesabu hata chembe ya zinki. Meneja akitaka kurudisha gharama yake atapandisha bei. Akipandisha bei, wanunuzi watapungua tena. Wakipungua, mzigo wa kila betri utazidi. Kiwanda kilichoingia katika mzunguko huo hakiokolewi kwa matangazo ya redioni.

Ndivyo mambo yalivyokuwa kwa Nakuru. Betri za bei ndogo kutoka Asia ziliingia kwa wingi, nyingine halali na nyingine za bandia zilizovaa hata alama za wenyewe. Bunge la Kenya lilitunga sheria dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008, na kampuni ililalamika mara kwa mara juu ya bidhaa hizo na juu ya gharama kubwa ya umeme. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Lakini jambo zito zaidi lilikuja kimya kimya mfukoni mwa mteja mwenyewe. Simu ya mkononi ilikuja na tochi yake ndani. Taa ndogo za kisasa zikahitaji umeme kidogo mno kuliko globu ya zamani, na nyingi zikachajiwa kwa jua. Redio ikaingia ndani ya simu. Katika vijiji vya Kibiti hapahapa mabadiliko hayo yameonekana: paneli ndogo ya jua juu ya paa la makuti imeondoa ununuzi wa betri ambao familia iliufanya kila wiki. Mkulima wa Bungu aliacha kununua betri nene kwa sababu ya akili, wala hakuwa na nia mbaya kwa kiwanda chochote.

Mwenye hisa aliyekuwa akitazama bei tu sokoni aliona hisa yake ikishuka bila kujua sababu. Kanuni za soko la Kenya humtaka kila mwenye kampuni iliyoorodheshwa kutoa tahadhari hadharani endapo anaona faida ya mwaka itapungua kwa robo au zaidi kuliko ya mwaka uliotangulia. Kampuni hii ililazimika kutoa tahadhari ya namna hiyo zaidi ya mara moja. Tahadhari ni karatasi njema, lakini humfikia mwanahisa wakati maji yamekwisha kuingia ndani ya mtumbwi. Yaliyotakiwa kujulikana mapema yalikuwa mambo ya kawaida kabisa: betri ngapi zimetengenezwa mwaka huu, ngapi mwaka jana, ngapi zimeuzwa, ngapi zimelala ghalani, na betri moja ya Nakuru imegharimu kiasi gani ukilinganisha na moja iliyoletwa kwa meli.

Mwaka 2014 jibu la swali hilo la mwisho likatangazwa kwa vitendo. Wakuu wa kampuni waliamua kukifunga kiwanda cha Nakuru. Wafanyakazi wapatao 100 waliokuwa wamebaki wakapoteza kazi, na kampuni ikawa ya kuagiza na kusambaza betri zilizotengenezwa katika kiwanda cha Energizer nchini Misri. Ardhi ya kiwanda ikawa mali ya kutafutiwa mnunuzi. Wakati huo hisa iliyonunuliwa kwa shilingi 9.50 ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya nusu ya bei hiyo, na katika miaka iliyofuata ikateremka hata karibu na shilingi moja. Mtu aliyeweka shilingi 9,500 kwa hisa 1,000 alibaki na karatasi ya thamani ya shilingi elfu moja hivi.

Wako watakaosema kwamba uongozi ulifanya kosa kufunga kiwanda. Hoja hiyo haina nguvu sana. Ikiwa betri ya Misri ililetwa kwa gharama ndogo kuliko ya nyumbani, kuendelea kutengeneza kungekuwa kumaliza hata kilichobaki. Lawama, kama ipo, iangukie miaka ya nyuma, wakati kampuni ilipokuwa bado na nguvu na soko lilikuwa limekwisha onyesha dalili. Kiwanda kilichotegemea hasa betri ya aina moja, kwa tochi ya aina moja, kilihitaji kuulizwa mapema: mashine hizi zaweza kutengeneza nini kingine? Nani anatafuta bidhaa ya pili? Fedha za faida ya miaka mizuri zimekwenda wapi, katika mitambo au katika gawio? Maswali haya ndiyo kazi ya mwenye mali, na mwenye mali katika kampuni ni mwanahisa.

Je, mwanahisa mdogo angeweza kuuliza? Angeweza. Kampuni ina mkutano mkuu kila mwaka kama chama cha ushirika kilivyo nao. Lakini katika mikutano ya makampuni ya Nairobi ilikuwa desturi kwa miaka mingi kuwapa wanahisa chakula na zawadi ndogo ndogo, fulana na miavuli, na wengi walizungumza zaidi habari za zawadi kuliko habari za mizania. (Makatibu wasicheke upesi. Vikao vya vyama ambavyo wajumbe huulizana posho kabla ya kuuliza ajenda havikosekani upande huu wa Rufiji pia.) Zaidi ya hayo, katika kampuni kura huhesabiwa kwa hisa. Umma uliuziwa asilimia 30; asilimia 70 ilibaki mikononi mwa wakubwa wachache. Hata kama walimu na wakulima wote waliogawana asilimia 30 wangesimama pamoja kwa sauti moja, mkono wao usingefika juu kuliko wa wale wengine.

Hapa ndipo ushirika unapotofautiana na kampuni, na tofauti hiyo haithaminiwi vya kutosha. Katika chama cha msingi, kwa mujibu wa misingi ya ushirika na Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, mwanachama mmoja ana kura moja. Mwenye mikorosho 600 na mjane mwenye mikorosho 20 wana sauti sawa. Nguvu ambayo mwanahisa wa Nakuru hakuwa nayo, mwanachama wa Bungu anayo. Lakini nguvu isiyotumiwa ni kama jembe lililotundikwa ukutani, na mara nyingine mizania hupitishwa mikutanoni kwa makofi, ukurasa wa uzalishaji haukufunuliwa.

Yafaa kuutazama mfano wa nyumbani wenye uzito kuliko huo wa betri, kwa kuwa wanaoufahamu bado wapo hai. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani zipatazo 145,000. Kwa kutazama mavuno hayo, Serikali ilikopa fedha na kujenga viwanda vya kubangua korosho, vipatavyo 12 kwa jumla, katika mikoa ya kusini na ya pwani, ukiwamo mji wa Kibaha. Mitambo ilitoka Italia na Japani. Uwezo wa viwanda hivyo kwa pamoja ulikuwa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Lakini wakati mitambo ikifungwa, mikorosho ilikuwa ikiachwa. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, bei aliyolipwa mkulima ilikuwa haimtii moyo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia mashambani. Msimu wa 1986/87 nchi nzima haikufikisha hata tani 20,000. Hata kama kila korosho iliyovunwa ingepelekwa viwandani, mitambo ingepata chini ya sehemu moja kwa tano ya chakula chake. Viwanda vingi vikasimama, vingine havikupata kufanya kazi ya maana kabisa, na baadaye vikauzwa kwa watu binafsi, ambapo baadhi vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazongoja meli.

Nakuru mteja aliondoka, Kibaha malighafi ikaondoka. Hesabu ya gharama za kudumu ikafanya kazi yake ileile katika miji yote miwili, kwa mzungu na kwa mwananchi, kwa kampuni ya watu na kwa shirika la umma. Tofauti ni kwamba wa Nakuru waliokula hasara ni walionunua hisa kwa hiari. Wa korosho, deni lilikuwa la taifa.

Kwa hiyo chama cha msingi au muungano wa vyama unapoletewa mpango wa kiwanda cha kubangua, karatasi ya kwanza kutakiwa isiwe picha ya jengo. Iwe karatasi ya malighafi. Kilo moja ya korosho safi iliyobanguliwa hutaka kilo nne hadi tano za korosho ghafi. Kiwanda kinachosemwa kina uwezo wa tani 2,000 kwa mwaka kitazipata wapi tani hizo, ikiwa vyama vyenyewe vimekusanya tani kiasi gani katika misimu mitano iliyopita, mwaka mzuri na mwaka mbaya? Na zitapatikanaje wakati korosho za mwanachama huingia ghala kuu kwa mfumo wa stakabadhi ghalani na kuuzwa kwa mnada kwa mwenye bei ya juu? Kiwanda cha ushirika hakina budi kushindana katika mnada uleule na mnunuzi wa kutoka ng'ambo, au kupewa korosho na wanachama kwa makubaliano kwamba malipo yatachelewa hadi zitakapobanguliwa na kuuzwa. Mkulima mwenye ada ya shule ya mtoto mwezi Januari atakubali kungoja? Akikubali, atangoja miezi mingapi? Jambo hili liamuliwe mkutanoni kwa hesabu, kabla ya msingi kuchimbwa. Katika mipango mingi huachwa liamuliwe na njaa.

Swali la pili ni fedha za hisa zinakwenda wapi. Mtu anaponunua hisa katika kampuni, fedha yake yaweza kwenda katika kampuni ili inunue mashine mpya, au yaweza kwenda mfukoni mwa mwenye hisa wa zamani anayeuza na kuondoka zake. Yote mawili ni halali, lakini si kitu kimoja. Katika hali ya kwanza kiwanda kimeongezewa nguvu. Katika hali ya pili kiwanda kimebaki vilevile, na mwenye kukijua kuliko wote ameona heri aondoke. Maelezo hayo huwamo katika waraka wa kuuzia hisa, kwa maandishi madogo, na katibu wa chama anayetaka kununua hisa kwa fedha za wanachama ana wajibu wa kuusoma waraka huo mpaka mwisho, au kumtafuta atakayeusoma kwa niaba yake. Si maneno ya bure kwa wakati huu. Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025 ina vyama vya ushirika miongoni mwa wenye hisa wake, na kila chama chenye hisa humo kimekuwa mwenye mali kwa kiasi chake. Hesabu za benki ni ngumu kuliko za ghala, lakini ni hesabu, na mwenye hisa ana haki ya kuelezwa.

Kuhusu betri zenyewe, habari haikuishia Nakuru. Betri za siku hizi, za simu, za paneli za jua na za magari ya umeme, hutumia madini ya kinywe, ambayo Tanzania inayo kwa wingi Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi. Mtu akishika barabara hii ya Kilwa kutoka Bungu kuelekea kusini, atafika kwa wakulima wa korosho na ufuta kama yeye, ambao chini ya mashamba yao pana kinywe. Kampuni ya Australia iitwayo Magnis ilipewa leseni kubwa ya uchimbaji kwa eneo la Nachu, Ruangwa, mwaka 2015, na hisa zake ziliuzwa kwa umma katika soko la Australia. Kampuni hiyohiyo ilikuwa na sehemu katika kiwanda cha betri cha Endicott, jimbo la New York, Marekani, kilichoanza kutengeneza betri mwaka 2022. Matangazo ya mipango yalikuwa makubwa, na wanahisa wadogo wakawa wanauliza swali lilelile la Nakuru: betri ngapi zimetoka mlangoni, zimeuzwa kwa nani? Mwishoni mwa mwaka 2023 uuzaji wa hisa za kampuni hiyo sokoni ulisimamishwa. Kinywe cha Nachu kilikuwa bado hakijaanza kuchimbwa kwa biashara, miaka minane baada ya leseni.

Jambo hili lina pande mbili kwa mkulima wa Ruangwa, na laweza kumfikia wa Kibiti siku yoyote mwekezaji atakapokuja kutafuta ardhi. Tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, Serikali hupata hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni yenye leseni kubwa ya uchimbaji, yaani kila mwananchi ana chembe yake humo. Lakini mwenye shamba ana swali lililo karibu zaidi: akisha kuelezwa kwamba eneo lake litatwaliwa, je, apande mikorosho mipya au asipande? Mkorosho huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa kwa maana. Mpango unaokaa miaka minane mezani humgharimu mkulima mazao ambayo hayamo katika mizania ya kampuni yoyote. Kwa sababu hiyo serikali ya kijiji, na chama cha msingi kilichomo humo, hapana budi kudai tarehe za kuanza kazi na si thamani ya mradi peke yake.

Sasa kurudi katika vyama vya hapa. Taarifa ya Bodi kwa mkutano mkuu kwa kawaida huwa na mapato na matumizi, madeni, na orodha ya mafanikio. Taarifa hiyo haitoshi ikiwa chama kina mashine, gari au ghala. Iandikwe pamoja nayo karatasi moja ya uzalishaji, kwa lugha ya mwanachama: kilo zilizopokelewa, kilo zilizouzwa, unyaufu, upungufu na maelezo ya upungufu huo, siku ambazo mashine ilifanya kazi na siku ilizolala, na kwa nini, gharama ya kukoboa, kukamua au kubangua kilo moja, mwaka huu na mwaka jana. Karatasi hiyo haihitaji mhasibu wa Dar es Salaam. Katibu mwenye daftari la ghala lililojazwa vizuri huweza kuiandika kwa siku mbili. Katibu asiyeweza kuiandika kwa siku mbili, daftari lake litazamwe.

Na itengwe faida ya kazi na faida ya kuuza mali. Chama kilichouza kiwanja chake cha barabarani kwa shilingi milioni 40, kikapata hasara ya milioni 15 katika biashara, kitaonyesha ziada ya milioni 25, na wajumbe watapiga makofi. Mwaka unaofuata hakuna kiwanja kingine cha kuuza. Makampuni makubwa yaliyofunga viwanda vyao yamepata kuishi kwa njia hiyo kwa mwaka mmoja au miwili.

Yako maelezo ambayo mameneja hupenda kuyatoa kila wanapoulizwa: kwamba mambo ya biashara ni siri, kwamba maswali mengi yanavunja moyo watendaji, kwamba wanachama hawataelewa. Bei ambayo chama kinakusudia kutoa katika mnada yaweza kuwa siri kwa siku chache. Kilo zilizopokelewa mwaka jana haziwezi kuwa siri kwa mtu aliyezileta kichwani. Na mwanachama anayeweza kukadiria kwa jicho gunia la korosho lina kilo ngapi ataelewa karatasi ya uzalishaji bila taabu, endapo imeandikwa ili ieleweke.

Limebaki jambo la kutoka. Mwanahisa wa Nakuru aliyeona dalili mapema aliweza kuuza hisa zake kwa mwingine sokoni, kwa hasara ndogo, akaenda zake. Mwanachama wa ushirika hana soko la namna hiyo. Akijitoa, hurudishiwa hisa zake kwa utaratibu wa masharti ya chama, kwa thamani aliyolipia, ikiwa chama kina fedha. Na korosho zake bado zitahitaji ghala na mnada kijijini pake. Asiye na mlango wa kutokea ana mkutano mkuu peke yake, na nyuma ya mkutano yuko Mrajis, ambaye sheria inampa uwezo wa kuagiza ukaguzi na uchunguzi. Shirika la ukaguzi, COASCO, hukagua vitabu baada ya mwaka kwisha. Hesabu iliyokaguliwa ikaja na hati yenye mashaka, na mkutano ukaipokea bila swali, mkaguzi hana la kufanya zaidi ya kuandika tena mwaka ujao.

Katika mkoa huu korosho huanza kukusanywa maghalani mwezi Oktoba. Makisio ya chama, pamoja na kila kiasi kinachopendekezwa kukatwa kwa kilo kwa ajili ya hisa za kiwanda au benki, hupaswa kuwa yamepitishwa na mkutano mkuu kabla ya hapo. Karatasi ya uzalishaji ikiletwa mwezi Desemba, korosho zimekwisha kwenda mnadani, na makato yamekwisha kukatwa.